Baiskeli Isiyobeba Kitu

Katika Songea ya wakati ule, baiskeli ilikuwa lazima ibebe kitu. Ilibeba mkaa, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, nguruwe aliyefungwa miguu akilalamika njia nzima, hata mgonjwa aliyefungwa kwa kanga mgongoni mwa mwendeshaji asije akadondoka. Aliyebeba hivyo hakwenda mbio, na hakuna aliyemtarajia aende mbio. Baiskeli iliyopita kasi na keria tupu ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu amefariki, na huyu anapeleka tanzia. Simu zilikuwa za posta na za maofisini. Vifo vya vijijini vilifika mjini kwa miguu ya vijana kwenye pedeli. Ukiona baiskeli tupu inakuja mbio, uliweka chini ulichoshika, ukasimama, ukangoja kuona kama itakata kona ya kwako.

Mume wangu ndiye mtu wa kwanza mjini kwetu kulipwa mshahara ili aendeshe baiskeli tupu mbio. Leo watu wanaliongea jambo hilo kwa fahari, hasa wale ambao hawakuwa wakilala naye kitanda kimoja. Mimi nililiishi kwa woga, na sioni haya kusema.

Kabla ya hapo alikuwa tarishi wa chama cha ushirika. Zilipoingia enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi binafsi wa tumbaku na kahawa walikuja na malori yao, ushirika ukaishiwa pumzi, na mume wangu akawa mmoja wa waliopunguzwa. Lakini enzi hizohizo ndizo zilizoyajaza maduka ya Majengo. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni tangu alfajiri sasa ilirundikwa hadi barazani, ukachagua hata ya rangi uipendayo. Mmoja wa wenye maduka hayo, mtu wa kuja kutoka mikoa ya kaskazini, aliuza baiskeli na vipuri. Alikuwa ameona miji mingine ikifanya mbio za baiskeli, akaagiza moja ya mashindano kutoka Dar es Salaam, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za beberu, kisha akaanza kuuliza nani mjini hapa ana miguu. Watu wote wakamwonyesha tarishi yule wa zamani.

Basi akawa na mshahara, na fulana mbili za njano zenye jina la duka mgongoni. Mimi nikapewa meza kwenye baraza la duka hilo, nikauza dagaa wa Nyasa. Tulipompeleka mtoto wetu wa pili kubatizwa, katekista aliuliza kazi ya baba, nikamwambia anaendesha baiskeli. Akauliza anapeleka nini. Nikamwambia hapeleki kitu. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeolewa na mgonjwa, akaenda kumwuliza mama mkwe wangu.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Mwanawe alifanya mazoezi kwenye njia ya Tunduru, na jioni alirudi akicheka vumbi likimtoka kwenye nyusi, akitusimulia jinsi wanawake walivyotua ndoo za maji walipomwona, wakashika vichwa, wakamngoja. Mzee mmoja alimfukuza kwa mguu hadi mtoni akitaka kujua ni nani aliyekufa. Mume wangu aliona ni kichekesho cha mwaka. Mama yake hakucheka hata siku moja. Alisema tanzia haichezewi, na mtu anayewatisha watu kila siku kwa msiba usiokuwepo anauzoesha njia ya nyumbani kwake.

Maneno hayo yaliniingia. Mimi si mtu wa ushirikina, tunasali, lakini ukishaogopa hutafuti tena hoja. Unachukua lolote lililo karibu.

Nilichokiogopa zaidi kilikuwa miteremko. Baiskeli yake ya utarishi haikuwa na breki, kama nyingi za wakati ule. Alivaa katambuga, vile viatu vya matairi ya gari, na alipotaka kusimama alikanyagiza soli kwenye tairi ya nyuma. Hii mpya ilikuwa na breki nzuri za mkononi, lakini yeye alizidharau. Alisema kupanda mlima kila mtu anajua kuteseka, na ushindi hupatikana wakati wa kushuka, na aliyegusa breki ameshamkaribisha mwenzake apite. Mama mkwe alimwambia mwenda pole hajikwai. Akamjibu kwamba ni kweli mama, wala hazawadiwi.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya mteremko unaoshuka kutoka Majengo. Jioni nilikuwa nikisikia kwanza friwili ya gurudumu la nyuma ikilia mfululizo, tiki tiki tiki hadi milio inaungana, halafu soli ikikwaruza tairi mbele ya mlango. Hata kwenye baiskeli ya mashindano, akiwa anarudi tu nyumbani, alivaa katambuga zake na kusimama kwa mguu. Kabla ya mkwaruzo huo sikuwa na akili ya kufanya jambo moja likanyooka. Niliunguza mboga, nilitia chumvi mara mbili, niliwagombeza watoto kwa makosa ambayo hawakuwa wamefanya bado. Baada yake nilikuwa mke kama wake wengine.

Jumapili kanisani niliomba. Sikuomba aache, maana tulikuwa tunakula kwa mwendo ule. Alikuwa ameshinda mara kadhaa, jina la duka lilikuwa limefika mbali, hadi madalali wa mawe ya vito wa Tunduru walipopita mjini walisimama barazani wamwone. Niliomba tu Mungu amtie woga kidogo, kiasi cha kijiko cha chai, kimtoshe kugusa breki kwenye kona.

Ndipo yakaja mashindano ya kutoka Njombe hadi Songea. Njia ile ilikuwa na lami, na katikati yake kuna milima ya Lukumburu, ambako barabara inateremka na kona zake hadi abiria wa basi wanaacha kuzungumza. Aliondoka na basi siku moja kabla, akiwa amefurahi. Siku yenyewe nilipanga dagaa wangu kama kawaida, lakini sikumwuzia mtu kitu cha maana. Mwisho wa mashindano ulikuwa hapohapo mbele ya duka.

Alasiri walifika wa kwanza, vijana wa mkoa mwingine, gari la waandaaji likiwafuata. Wakafika wa pili, wakafika wa katikati, wamepauka kwa jua. Niliwauliza. Mmoja alisema mume wangu alipata pancha kabla ya Lukumburu, wao wakamwacha akibadilisha tyubu, na gari la waandaaji lilikuwa limeshawafuata walio mbele. Mwingine alisema asihofiwe, yule wa njano atakuwa anawafukuza. Alidhani ananipa moyo. Mimi nilichosikia ni kwamba anateremka Lukumburu peke yake, amechelewa, na ana hasira.

Jua likaanza kuinama. Wa mwisho akafika akisukuma, watu wakampigia makofi ya huruma. Kisha likaja lori la mbao, likasimama mbele ya duka, dereva akapanda juu ya mzigo na kushusha baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja, na utepe wa usukani, uliokuwa wa njano, umekaukiwa na damu.

Dereva alimweleza tajiri, yule mwenye duka, si mimi. Ameikuta kwenye kona, imeegemezwa kwenye jiwe la barabara, damu chini, akasoma jina la duka kwenye fremu. Watu wa pale walimwambia mwenyewe alibebwa na gari lililokuwa likielekea Njombe. Nikamshika shati nikamwuliza kama alikuwa anapumua.

"Sikuuliza, mama," alisema. Akatazama viatu vyake.

Nimewahi kujifungua kwa shida, na nimewahi kuzika. Hakuna kilichonishika kama woga wa saa ile. Tajiri alikuwa mtu mwema. Palepale alituma pikapu yake kwenda kutafuta, na yeye mwenyewe akatusindikiza nyumbani, mimi, watoto na ile baiskeli. Mama mkwe alitupokea mlangoni. Watoto aliwaingiza, mimi akaniingiza, baiskeli akaikataza. Alisema kwao kitu cha mtu kikirudi bila mwenyewe hakivuki kizingiti mpaka mwenyewe ajulikane alipo. Ikaegemezwa nje ukutani, upande wa barabara.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kama ni kosa. Hakuna aliyetangaza msiba. Lakini msiba wa kwetu hauhitaji kutangazwa. Watu waliopita waliona baiskeli yenye damu imeachwa nje, mwenyewe hayupo, na wanawake wa ndani wanalia. Wakaenda kuleta unga. Wengine kuni, wengine sufuria kubwa za jumuiya. Kufikia asubuhi wanaume walikuwa wamekaa nje kuzunguka moto, na wanawake wamenizunguka mkekani, kanga viunoni. Nilitaka kuwaambia waondoke, hajafa, hatujaambiwa amekufa. Nilifungua mdomo kusema hivyo, nikaona hata mimi siamini, nikalia.

Mchana pikapu ilirudi. Dereva alikuwa ameuliza kwenye hospitali ya misheni iliyo karibu na barabara, hawamjui. Kwenye zahanati nyingine, hawamjui. Wanakijiji wa pale konani walimwambia mtu aliyebebwa hakuwa akisema kitu, kichwa kimelala. Habari hiyo ilifika mkekani ikiwa imeshapungua maneno yote isipokuwa hayo ya mwisho.

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa Mhehe, fundi cherehani, mtani wa mume wangu kwa kabila. Kila siku ya Mungu walikuwa wakitukanana kwa raha, wakibishana ni babu wa nani aliyemkimbia babu wa mwenzake vitani. Mtani ana kazi yake msibani, ya kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke, na asipoifanya atalaumiwa. Siku ya pili ya kukaa kwetu, alasiri, wanawake walikuwa wamechoka kulia, na mimi nilikuwa nimekauka kabisa, naangalia ukuta. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akaanua ile fulana ya njano ya pili, akaivaa. Ilimbana tumboni. Alinyoosha gurudumu kwa jiwe mpaka likakubali kuzunguka kwa kuyumba, akaivuta baiskeli hadi juu kidogo ya uwanja.

Alimwigiza vizuri mno. Jinsi alivyonyoosha shingo, jinsi alivyotema mate pembeni, jinsi alivyowapungia wasichana na kujifanya hakuwapungia. Akawaambia wanawake watue ndoo, tanzia inapita. Wakaanza kucheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe na mkeka wenyewe ushuhudie, nikacheka machozi yakitoka upya. Akasema sasa anafika Lukumburu. Akasema breki ni za waoga. Akaachia, akaja anayumba katikati ya masufuria, akapaza sauti akimwita mama yake, kisha akaruka juu ya usukani, akaanguka chali, akatupa mikono, akalala macho wazi, ulimi nje, mguu mmoja ukitetemeka. Ulitetemeka, ukapunguza, ukaacha.

Kicheko kilikatika kwanza upande wa wanaume. Niligeuka. Kwenye uzio alisimama mume wangu, kichwa kimezungushiwa bandeji, mkono umefungwa shingoni. Alikuwa anamtazama mtu aliyelala chini ndani ya fulana yake.

Alinisimulia baadaye. Gari la mapadre ndilo lililombeba, na halikusimama njiani, likampeleka hospitali yao ya mbali ambako dereva wetu hakufika. Alizinduka, akaona mkono umevunjika, akaomba ruhusa, wakamkatalia, akatoroka na basi. Aliposhuka stendi watu walimpisha njia bila kumsalimu. Alipofika juu ya mteremko wetu akaona moshi, sufuria na kanga, akajua nyumbani kwake kuna aliyekufa. Akadhani ni mimi. Akateremka mbio kwa miguu, mkono umefungwa, akituhesabu kichwani, mimi, mama, mkubwa, mdogo, nani. Akafika kwenye uzio wakati ule mtani anaachia breki.

Hakuna aliyempigia vigelegele. Mama yake ndiye aliyeinuka, akamwendea taratibu, akampapasa uso, masikio, shingo, akashuka hadi miguuni akaishika kuona kama inakanyaga chini. Mtani alikuwa bado amelala. Aliinua kichwa tu.

"Umechelewa," alisema. "Nimeshakuzika nusu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, watu wakakumbatiana, unga wa msiba ukawa ugali wa sherehe, mtu akaleta pombe ya komoni. Mimi nilimng'ang'ania mume wangu upande wa mkono mzima hadi akaniambia ninamuumiza. Kila mtu alicheka siku ile isipokuwa yeye. Nilidhani ni maumivu.

Mkono ulipona. Tajiri akaagiza gurudumu jipya, na yalipokaribia mashindano mengine akasema twende wote na pikapu hadi Lukumburu, ajaribu kidogo, arudishe mkono. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeapa sitangoja tena barazani. Juu kabisa ya mlima alishusha baiskeli, akapanda, akaanza. Sisi tukamfuata nyuma.

Alikuwa anashika breki. Nilifurahi, nasema kweli. Niliona sala yangu imejibiwa, nikamshukuru Mungu kwa sauti ndani ya gari. Kisha nikaona haachii. Breki zililia kona hadi kona. Pale palipo sawa, mtoto angeweza kupita, alizishika. Mzee mmoja aliyebeba magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli yake alimpita, akamsalimu. Tulipofika chini alisimama, mguu mmoja ardhini, akabaki hivyo. Nikashuka nikamwendea nikamwambia shuka baba, upumzike. Akaniambia hawezi. Nilitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye breki, vyeupe, na havikufunguka mpaka nilipovibandua mimi mwenyewe, kimoja kimoja, kama unavyobandua vya mtoto aliyeshika kisu.

"Sikumbuki nilivyoanguka," aliniambia. "Kuanguka ninakokumbuka ni kwa yule. Nikiachia tu, najiona naanguka kama yeye. Hadi ule mguu."

Hakuwahi kushindana tena. Tajiri hakumtupa, alimpa kazi dukani, ya kuunga baiskeli mpya zilizokuja kwenye maboksi, na baiskeli ya mashindano alimwachia. Lakini fulana aliichukua kijana mwingine, na baada yake mwingine, na leo ukiwauliza watakuambia nani aliwafundisha kuteremka. Mtani alikuja mara nyingi kukaa naye. Hakuzungumza naye juu ya siku ile, na kutukanana kwao kukapoa, na hilo liliniuma, kwa sababu mtani hakufanya zaidi ya wajibu wake.

Mume wangu alianza kuogopa vitu vingine. Aliogopa ngazi. Alinikataza kupanda mti wa mapera. Watoto wakichelewa kutoka shuleni, ni yeye aliyesimama mlangoni, na ni yeye aliyeunguza mboga. Ule mteremko wa kutoka Majengo alikuwa akiushuka kwa miguu, anasukuma baiskeli, ameshika breki zote mbili. Nilimsikia kila jioni. Friwili ilitoa tiki, ikakaa, ikatoa tiki nyingine. Niliomba kijiko, na nilikuwa nimepewa debe.

Jioni moja nilichelewa kufunga meza yangu, tukatoka dukani pamoja. Tulipofika juu ya mteremko alishuka kwenye baiskeli kama kawaida yake, tayari kusukuma. Chini kule tuliona paa letu na mama yake anapepeta mchele. Nilikuwa nimechoka, kikapu kinanuka dagaa, na sijui niseme ilikuwa hasira au mapenzi. Nilikishika kikapu mkono mmoja. Baiskeli ile haikuwa na keria, basi nikakaa upande kwenye bomba la fremu, mbele ya tandiko, kifuani pake, kama wasichana wanavyobebwa. Nikamwambia apande.

Watu walipita wakatusalimu.

"Utaogopa," alisema.

"Mimi nimezoea," nikamwambia.

Akapanda. Niliusikia moyo wake ukidunda mgongoni mwangu, na wangu pia, na sikujua upi unakwenda mbio zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimeganda kwenye breki mbele ya macho yangu. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wake mmoja, nikasubiri, sikuuvuta. Tuliteremka hivyo hadi karibu nusu, breki zikilia, watoto wa jirani wakitukimbilia na kutupita. Kisha kidole kimoja kililegea chini ya kiganja changu, halafu cha pili, na friwili ikaanza kulia, tiki tiki tiki, hadi milio ikaungana. Nilifumba macho. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na sikusema punguza.

Mbele ya mlango nilisikia soli ikikwaruza tairi.